Kibiro: kitongoji kilichokula chumvi nyingi



Mara nyingi kurasa hizi huwaletea habari za mitalaa, mitihani na vitabu vipya vya kiada. Safari hii tumeonelea tuwapeleke mbali kidogo na darasa, mpaka kitongoji kimoja cha Uganda ambacho wanafunzi wetu wengi hawajapata kukisikia. Kitongoji hicho kinaitwa Kibiro, na kipo kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Albert, katika Wilaya ya Hoima. Ni mahali padogo. Lakini kwa muda usiopungua karne saba, watu wa hapo wamekuwa wakitengeneza chumvi kutoka ardhini, na kazi hiyo ingali inafanywa kwa njia ambayo babu na bibi zao wangeitambua.

Waswahili husema kwamba mzee aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Kibiro ni mzee wa namna hiyo. Tunayo sababu ya kukizungumzia katika jarida la walimu wa lugha: kazi ya Kibiro imebeba historia ya nchi, mpangilio wa jamii, na hazina ya maneno ambayo Kiswahili chetu cha darasani bado hakijaigusa. Kama hazina hiyo haikuandikwa mapema, itapotea pamoja na wenyewe.

Kitongoji ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Huko Tanzania, kitongoji ni sehemu ya kijiji kiserikali, chenye mwenyekiti wake. Hapa Uganda ngazi ya chini kabisa ya utawala ni kijiji, na hatuna ngazi rasmi iitwayo kitongoji. Hata hivyo neno hilo linatufaa kwa maana yake ya kawaida, yaani makazi madogo yaliyojitenga, ambayo watu wake hujuana kwa nyumba na kwa ukoo. Mwalimu anayefundisha msamiati wa makazi (jiji, mji, mtaa, kijiji, kitongoji) afafanue tofauti hii, kwa sababu wanafunzi wetu hukutana na neno hilo katika vitabu vya Tanzania wakadhani lina maana ileile kila mahali.

Mahali na mazingira yake

Ziwa Albert liko ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Upande wa Uganda, bonde hilo lina ukuta mkali wa miamba unaoinuka zaidi ya mita 300 juu ya ziwa. Juu ya ukuta huo kuna nchi yenye mvua na rutuba, ambako Wanyoro hulima mihogo, viazi vitamu, maharagwe, mahindi na ndizi. Chini yake, kati ya ukuta na maji, kuna ukanda mwembamba wa ardhi kavu. Hapo ndipo Kibiro ilipo.

Ardhi ya Kibiro haifai kwa kilimo. Mvua ni chache kuliko juu, joto ni kali, na udongo una chumvi. Mtu akifika mara ya kwanza anaweza kujiuliza ni kitu gani kiliwavuta watu waje kukaa hapo. Jibu liko kwenye chemchemi za maji moto za Mukabiga. Maji hayo hutoka chini kabisa ya ardhi kupitia nyufa za miamba, yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 80 za Selsiasi, nayo huleta chumvi mpaka kwenye udongo wa bonde dogo lililo karibu na makazi. Kwa hiyo ardhi iliyowanyima watu chakula iliwapa kitu cha kununulia chakula.

Kwa miaka mingi watu walifika Kibiro kwa miguu, wakishuka ukuta wa bonde kwa njia nyembamba ya mawe, au kwa mtumbwi kupitia ziwani. Chumvi nayo ilipanda njia hiyo hiyo, ikiwa vichwani mwa watu.

Chumvi na ufalme wa Bunyoro

Katika miaka ya 1989 na 1990, mwanaakiolojia Graham Connah alifanya uchimbuzi Kibiro. Yeye na wenzake walikuta matabaka mazito ya vigae vya vyungu, majivu na mabaki mengine, yakionyesha kwamba watu wameishi na kufanya kazi hapo kwa karne nyingi mfululizo. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1996. Mahali penye makazi ya mfululizo kiasi hicho ni pachache katika bara letu, kwa kuwa vijiji vingi huhama ardhi inapochoka. Ardhi ya Kibiro haichoki, kwa sababu tutakayoieleza hapa chini.

Uchumi wa Bunyoro-Kitara uliegemea nguzo mbili kubwa za biashara: majembe ya chuma na chumvi. Chumvi ilitoka hasa Kibiro upande wa kaskazini na Katwe upande wa kusini. Wafanyabiashara waliichukua chumvi ya Kibiro mpaka Buganda, na kaskazini hadi kwa Walango na Waacholi. Sehemu ya chumvi ilikwenda kwa mfalme, yaani Omukama, kama kodi. Hivyo kitongoji hiki kidogo kilikuwa mfuko mmojawapo wa hazina ya ufalme.

Katika miaka ya 1880, Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ekwatoria kwa niaba ya Misri, alifika Kibiro na kuandika jinsi chumvi ilivyotengenezwa. Maelezo yake ni ya thamani, kwani yanaonyesha kwamba kazi ya wakati ule inafanana sana na ya leo. Wakati huo mtawala wa Bunyoro alikuwa Omukama Kabalega, aliyeshika kiti mwaka 1870. Wafanyabiashara wa kutoka pwani na Unguja walikuwa wakifika katika nchi yake, na pamoja nao lugha ya Kiswahili.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1894 majeshi ya Waingereza yakiongozwa na Kanali Colvile yalipita Bunyoro mpaka Kibiro, wakaifanya bandari yao ya kuingilia ziwani. Msafara huo ulikuwa na askari Wasudani na wapagazi Waswahili. Kabalega alipigana kwa miaka kadhaa, akakamatwa tarehe 9 Aprili 1899, akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Alifariki Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Vita hivyo na njaa iliyofuata viliiharibu Bunyoro vibaya. Lakini wanawake wa Kibiro waliendelea kukwangua udongo na kuchemsha chumvi, kwa kuwa hawakuwa na shamba lingine.

Walimu wa historia ya Kiswahili hapa Uganda wana jambo la kuzingatia hapa. Kiswahili kilifika katika sehemu hizi kwa njia mbili kwa wakati karibu mmoja: kwa biashara na kwa bunduki. Ile chuki iliyopandwa na njia ya pili imekisumbua Kiswahili katika nchi yetu kwa muda mrefu.

Jinsi chumvi inavyotengenezwa

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Tutaeleza hatua kwa hatua, na mwalimu anaweza kuyatumia maelezo haya kama kifungu cha ufahamu.

Kwanza, kuna bustani. Bonde la chumvi limegawanywa katika vipande vidogo vidogo, na mipaka yake huwekwa kwa mistari ya mawe. Kila kipande kina mwenyewe. Ardhi ya bustani ina unyevu wa maji ya chumvi yanayopanda kutoka chini.

Pili, mwanamke hutandaza udongo mkavu, uliolegea, juu ya ardhi hiyo yenye unyevu. Jua linapowaka, unyevu huvutwa juu na kuingia katika ule udongo mkavu. Maji hukauka, chumvi hubaki.

Tatu, udongo hukwanguliwa, hukusanywa, kisha hutandazwa tena. Jambo hili hurudiwa kwa siku kadhaa mpaka udongo ushibe chumvi. Mvua ikinyesha katikati ya kazi, chumvi huoshwa na juhudi ya siku hizo huwa imepotea. Ndiyo maana kiangazi ndicho msimu wa kazi.

Nne, udongo ulioshiba hutiwa katika chombo chenye matundu chini, na maji humiminwa juu yake taratibu. Maji yanayochuruzika na kukingwa chini huwa makali kwa chumvi. Zamani vyombo hivi vilikuwa vyungu vya udongo vilivyotobolewa. Siku hizi hutumiwa vyombo vya bati.

Tano, maji hayo hupelekwa katika kibanda cha kupikia na huchemshwa juu ya moto wa kuni mpaka yakauke na chumvi ibaki. Kazi ya kibandani ni ngumu kwa sababu ya moshi na joto. Chumvi iliyopatikana hufinyangwa kuwa madonge ya kupelekwa sokoni.

Na ule udongo uliochujwa haupotei. Hurudishwa bustanini, hutandazwa tena, na kazi huanza upya. Hii ndiyo sababu ardhi ya Kibiro haichoki. Udongo ni ule ule, chumvi ndiyo mpya, kwa maana chemchemi haziachi kuileta. Hatutii chumvi tukisema kwamba udongo unaokwanguliwa leo umepita katika mikono ya vizazi vingi.

Msomaji anaweza kulinganisha na Uvinza, katika Mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, ambako nako chumvi imetengenezwa tangu zamani sana. Lakini huko watu walichota maji ya chemchemi zenye chumvi na kuyachemsha moja kwa moja. Wa Kibiro wanapaswa kuifuata chumvi ndani ya udongo kwanza.

Bustani za wanawake

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: bustani za chumvi ni mali ya wanawake. Katika sehemu kubwa ya Bunyoro, ardhi hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kibiro bustani hurithiwa kwa upande wa wanawake, mama akimwachia binti yake. Pamoja na bustani, binti hurithi ujuzi: lini atandaze, lini akwangue, maji kiasi gani yamiminwe, moto uwe wa namna gani. Fedha ya chumvi ni ya mwanamke, naye ndiye aamuaye matumizi yake, iwe ni chakula, nguo au karo ya watoto.

Wanaume kazi yao kubwa ni uvuvi. Ziwa Albert lina sangara na ngege, na pia samaki wadogo wanaoitwa muziri na ragoge, ambao huanikwa juani kama dagaa wa maziwa mengine. Kwa hiyo siku ya Kibiro ina sehemu mbili. Mitumbwi hurudi asubuhi na samaki wa usiku, wakati wanawake wanaelekea bustanini. Jua la mchana hufanya kazi yake juu ya udongo. Alasiri ni wakati wa kukwangua na kukusanya. Mbuzi huzurura kati ya nyumba, kwani mifugo hustahimili pale ambapo mazao hayastahimili. Siku za soko, chumvi na samaki hupanda mlima. Mihogo, maharagwe na ndizi hushuka. Kitongoji hiki hakijawahi kujitosheleza kwa chakula. Kimeishi kwa kubadilishana na jirani zake wa juu, na jirani hao nao wamemtegemea yeye kwa kitoweo na kwa chumvi ya mezani na ya mifugo.

Munyu na chumvi

Tulisema kwamba kazi hii imebeba hazina ya maneno. Tutoe mfano mmoja. Neno tulilolizoea ni chumvi. Lakini Kiswahili kina neno jingine la zamani, munyu, ambalo limo katika kamusi na ambalo wazee wa pwani ya kaskazini hulijua. Maji yenye ladha ya chumvi huitwa maji ya munyu. Sasa tazama jirani zake: Waganda husema omunnyo, Wanyarwanda na Warundi husema umunyu. Ni neno moja la Kibantu, lililosambaa kutoka maziwa makuu hadi Bahari ya Hindi. Mwanafunzi Mganda anayedhani Kiswahili ni lugha ya kigeni kabisa apewe neno hili, ataona kwamba yuko nyumbani.

Mfano huo una faida ya kisarufi pia. Chumvi iko katika ngeli ya I-/ZI-, munyu uko katika ngeli ya U-/I-. Tunasema chumvi imekauka, lakini munyu umekauka. Zoezi la kubadilisha sentensi kwa maneno haya mawili ni fupi na linaeleweka.

Maelezo ya kazi ya Kibiro yanafaa pia kufundishia kiambishi hu- cha mazoea. Mtarudia kusoma sehemu ya hatua tano hapo juu mkaona jinsi kitenzi kinavyobeba maana ya jambo la kila siku bila kutaja nafsi. Kauli ya kutendwa nayo imejaa humo: hukwanguliwa, hutandazwa, humiminwa, hurudishwa. Mwalimu awaombe wanafunzi waeleze kwa mtindo huo kazi moja ya kijijini kwao: kukausha kahawa, kusuka mikeka, kutengeneza mbege au tonto, kuchoma matofali. Tumeona kwamba mwanafunzi anayeeleza kitu anachokijua hufanya makosa machache kuliko anayelazimishwa kueleza safari ya uwanja wa ndege ambayo hajaifanya.

Mtihani wa leo

Je, kazi hii itaendelea? Uganda iliiweka Kibiro katika orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kwa Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997. Hiyo ni heshima, lakini heshima haichemshi chungu.

Shida ya kwanza ni kuni. Kuchemsha chumvi hula kuni nyingi, na miti ya ukuta wa bonde si mali isiyokwisha. Shida ya pili ni soko. Chumvi ya viwandani huuzwa katika kila duka, ni nyeupe, imefungwa vizuri, na imetiwa madini joto yanayozuia ugonjwa wa tezi la shingo. Chumvi ya Kibiro haina budi kushindana nayo. Shida ya tatu ni ziwa lenyewe. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Albert yalipanda na kufunika fukwe nyingi, na makazi yaliyobanwa kati ya maji na mlima hayana pa kurudi nyuma.

Jambo la nne ni kubwa zaidi. Mwaka 2006 mafuta ya kiasi cha kufaa biashara yaligunduliwa katika bonde la Ziwa Albert. Mwezi wa Februari 2022 ulitangazwa uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, pamoja na wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, karibu na Tanga. Chemchemi za Kibiro nazo zimechunguzwa kwa ajili ya nishati ya jotoardhi. Barabara, ajira na umeme ni mambo ya kutakiwa. Lakini kila mradi unapokuja, ardhi hupata bei na wenyewe huulizwa hati. Bustani ambayo umiliki wake umehifadhiwa kwa mstari wa mawe na kwa kumbukumbu ya akina mama, itathibitishwaje mbele ya karatasi? Swali hilo si la wanasheria peke yao.

Kazi yetu sisi walimu

Ng'ambo ya ziwa, katika jimbo la Ituri nchini Kongo, Kiswahili ni lugha ya soko na ya barabara. Mwisho wa bomba, kule Tanga, ni lugha ya nyumbani. Hapa katikati, Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe katika shule. Mara nyingi tunaulizwa: mtafundisha kwa vitabu gani? Tukiendelea kutegemea vitabu vinavyoeleza minazi, majahazi na karafuu tu, mtoto wa Hoima ataendelea kuona kwamba lugha hii inazungumza habari za watu wengine.

Tunapendekeza basi, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayekwenda likizo aandike kurasa mbili za Kiswahili juu ya kitongoji chake: kilianzaje, watu wake hula nini, hufanya kazi gani, ni nani mwenye mali na huirithisha kwa nani. Awaulize wazee, na hasa awaulize wanawake, kwa maana kazi zao ndizo zilizoandikwa kidogo. Majina ya vifaa na hatua za kazi ayaandike kwanza kama yalivyo katika lugha ya hapo, kisha ayaeleze kwa Kiswahili. Asilazimishe neno la pwani pale ambapo neno la bara linatosha. Kiswahili kimekua kwa kukopa tangu mwanzo, na hakitapungukiwa kikichukua neno moja au mawili kutoka kwa mama wa Kibiro.

Maandishi yatakayotufikia tutayahifadhi katika maktaba ya idara ili yatumike darasani, na yaliyo bora tutayachapisha katika matoleo yajayo. Haba na haba hujaza kibaba. Na kule Kibiro, haba na haba ya udongo ndiyo iliyojaza chungu cha chumvi kwa miaka yote hiyo.